Waasi wa Fizi na hamu ya maendeleo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulifuata maasi ya Simba hadi Novemba 1965, Che Guevara na Wacuba wenzake walipovuka Ziwa Tanganyika kurudi Kigoma. Milima ya Fizi, mashariki mwa Kongo, haikutulia baada ya hapo. Tarehe 24 Desemba 1967 Laurent-Désiré Kabila na wenzake waliunda huko Chama cha Mapinduzi ya Umma, PRP, na makao yao wakayaita Hewa Bora. Tutazame walichokijenga: shule, zahanati na mashamba ya pamoja, huku dhahabu ikivushwa ziwani kwenda kuuzwa Kigoma. Wabembe walioiunga mkono harakati hiyo hawakuwa wakipigania kurudi enzi za mababu. Walitaka daftari, dawa na soko, na walitaka mambo hayo yaendeshwe na watu waliowajua.

Msomaji atauliza: mbona basi Mai-Mai, wapiganaji wa Fizi waliofuata baadaye, hunyunyiziwa maji ya dawa kabla ya vita? Maji yale ni kinga ya mpiganaji. Hayasemi lolote juu ya namna ya kutawala. Chama cha William Amuri Yakutumba, Mai-Mai anayejulikana kuliko wote wa Fizi, kimebeba ujenzi mpya wa Kongo katika jina lake, PARC. Na wapiganaji wake walipoushambulia mji wa Uvira Septemba 2017, muungano wao ulidai Rais Joseph Kabila, mtoto wa yuleyule wa Hewa Bora, aondoke kwa kuwa muhula wake umekwisha. Hayo ni madai ya raia kwa dola yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba shida ya Fizi ni ardhi na ukabila tu. Damu iliyomwagika kati ya Wabembe, Wafuliiru, Wanyindu na Banyamulenge haikatai jambo hilo. Lakini tazama ugomvi wa Minembwe, kwenye nyanda za juu za Fizi. Amri za mwaka 2013 ziliifanya komini, na mwaka huohuo Baraka ikapewa hadhi ya mji. Komini ilipozinduliwa Septemba 2020 hasira ilikuwa kubwa hata Rais Tshisekedi akaisimamisha Oktoba. Komini ni ofisi, ni bajeti, ni mkuu wake mwenyewe. Pande zote mbili, Banyamulenge na wapinzani wao, zinaitaka dola. Zinagombania itamfikia nani kwanza, na juu ya ardhi ya nani.

Ikiwa wote walitaka maendeleo, kwa nini basi barabara haikuja na bunduki? Naona jibu liko kwenye mapato. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza jinsi makundi ya Fizi yanavyotoza machimbo ya dhahabu na boti za ziwani. Kundi linaloishi hivyo halimhitaji mkulima wa Lulenge afikishe mihogo yake Baraka. Serikali nayo haina la kujivunia, maana askari wake pia huweka barieri njiani. Mkulima huyo hulipa pande zote mbili, na mkewe akishikwa na uchungu wakati wa mvua, bado hubebwa kwa machela ya tipoyi.