Uhakiki wa Kifeministi: Kumsoma Mwana Kupona kutoka Rumonge

Wanafunzi wengi wakisikia neno ufeministi hudhani ni ugomvi baina ya wanawake na wanaume. Wakipewa swali la kuihakiki kazi kwa nadharia hii huishia kuorodhesha wahusika: huyu mvumilivu, yule malaya, yule mama bora. Orodha ya namna hiyo si uhakiki.

Nadharia yenyewe ilikua hatua kwa hatua. Mwaka 1949 Simone de Beauvoir wa Ufaransa alieleza jinsi jamii inavyomfinyanga mwanamke. Mwaka 1970 Kate Millett wa Marekani alichambua namna waandishi wanaume wanavyomchora, na baadaye Elaine Showalter akaelekeza macho kwa wanawake walioandika wenyewe. Kwa mwalimu wa fasihi, yote hayo yanazaa maswali matatu: nani anasema, anamwambia nani, na maneno hayo yanamfaa nani?

Tuanze na yaliyo karibu. Ipo methali ya Kirundi isemayo kwamba kuku jike hawiki palipo na jogoo. Mwanafunzi wa Rumonge au Nyanza-Lac aliyekua akiisikia hahitaji kuelezwa kwa kirefu maana ya mfumo dume. Lakini mwanafunzi huyo huyo amewaona wanawake wa ufukweni wakianika ndagala na kupigania bei ya mawese sokoni, tena kwa Kiswahili na kwa sauti ya juu. Mhakiki hutafuta pengo kama hilo, kati ya methali na soko.

Sasa tuuchukue Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mtunzi, Mwana Kupona binti Mshamu, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Akiwa mgonjwa alimwachia bintiye wosia juu ya dini, adabu na namna ya kuishi na mume. Wasomaji wengi husema upesi kuwa utendi huu unafundisha utiifu tu, wakaufunga. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, alitaka tuutazame upya kwa kuangalia uhusiano wa lugha na mamlaka. Chukua mahali ambapo binti anaambiwa amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Je, hapo anayefanywa mdogo ni nani? Hata hivyo, kumgeuza Mwana Kupona awe mwanaharakati wa siku hizi ni kumkosea vilevile. Alikuwa Mwislamu mcha Mungu aliyeamini alichokisema.

Jambo linalopaswa kutushughulisha zaidi ni urithi. Mama huyu anayafananisha maneno yake na hirizi na kidani cha kumvisha bintiye. Huko Rumonge suala la urithi ni zito. Wengi waliikimbia sehemu hiyo mwaka 1972 kwenda Tanzania, na kuanzia mwaka 2008 maelfu ya wakimbizi wa wakati ule walirejea Burundi, wengine wakakuta mashamba yao yakilimwa na watu wengine. Katika mashauri ya ardhi ya namna hiyo binti huanza akiwa nyuma, kwa kuwa mila humpa mtoto wa kiume shamba la baba. Msichana aliyezaliwa katika makazi ya Ulyankulu huenda alirudi na Kiswahili cha mama yake, bila shamba. Darasa likiuliza mama humwachia bintiye nini, utendi wa Pate hauwi tena habari ya mbali.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi hii: kila mmoja amwombe mama, nyanya au shangazi wosia ambao angependa kumwachia binti, auandike kwa Kiswahili au Kirundi, kisha auhakiki kwa maswali yale matatu. Wavulana wasiachwe nje. Nao waulize kama wosia ambao mama huyo angempa mtoto wa kiume ungekuwa na maneno yale yale.