Setilaiti Haijui Kimo cha Gari Lako

Mjini Durham, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, reli inapita juu ya Mtaa wa Gregson. Kwa miongo kadhaa nafasi kati ya lami na chuma cha daraja hilo ilikuwa futi 11 na inchi 8, yaani mita 3.56 hivi. Tangu mwaka 2008 kamera zilizofungwa jirani zimerekodi malori ya kukodi na magari-nyumba yakichunwa paa. Mwaka 2016 iliwekwa taa pamoja na kibao chenye kihisio, kinachomwamuru dereva wa gari lililozidi kimo akate kona kabla ya kufika. Barabara yenyewe haikuweza kuchimbwa ishuke, kwa kuwa bomba kuu la majitaka limelala chini yake. Mwishoni mwa mwaka 2019 wenye reli wakaliinua daraja kwa inchi 8. Magari yaliendelea kuligonga.

Simu inayoonyesha ulipo kwa usahihi wa mita chache haikukingi hata kidogo mahali kama hapo. Kujua ulipo ni elimu moja, kujua kama gari lako litapita ni elimu nyingine kabisa, na anayenunua kifaa cha kuelekeza njia kwa ajili ya gari-nyumba hulipia zaidi hiyo ya pili. Au ndiyo anayopaswa kuilipia. Gari-nyumba ni gari lililobeba vitanda, jiko, choo na tangi la maji. Lililojengwa ndani ya bodi ya van huwa na kimo cha mita 2.6 hivi, lenye kibanda kilichojengwa juu ya chesisi hukaribia mita 3 au kuzidi, yale makubwa ya Kimarekani, yenye umbo la basi, yanaweza kupita mita 3.8. Ndugu zetu walioko ughaibuni wanaoyakodi wakati wa likizo hukabidhiwa ufunguo wa kitu kikubwa kuliko chochote walichowahi kuendesha, kisha wanaweka simu ileile kwenye dashibodi.

Tuanze na la angani, kwa sababu limeshatatuliwa vizuri. Setilaiti za GPS huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake bila kukoma. Mawimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300 ardhini. Kipokezi hulinganisha muda wa setilaiti nne au zaidi: tatu kwa ajili ya mahali, ya nne kwa sababu saa ya simu yako ni duni mbele ya saa za atomu zilizoko juu. Na saa hizo za juu hukimbia mbele ya zetu kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kama nadharia za Einstein zinavyodai. Lisiposahihishwa, kosa lingeongezeka kwa kilomita kama 10 kwa siku. Leo simu ya kawaida husikiliza pia Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya Uchina. Tofauti ndogo zipo: kipokezi kinachosikia masafa mawili hupambana vizuri zaidi na tabaka la anga lenye chembe za umeme, ambalo husumbua hasa maeneo yaliyo karibu na ikweta kama kwetu. Lakini hakuna haja ya kuongeza pesa nyingi kwa ajili ya setilaiti.

Shida huanzia pale nukta ya mahali inapopaswa kuwekwa juu ya barabara fulani. Aliyeendesha gari Mombasa Road jijini Nairobi, chini ya barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, anaweza kukutana na tatizo hilo: barabara mbili zimelaliana, na simu inakisia uko juu au chini. Kwa gari dogo hilo ni usumbufu wa dakika chache. Kwa gari la tani 4 lenye mkia mrefu, kukosea tawi la barabara kunaweza kumaanisha kurudi kinyumenyume katika uchochoro.

Kisha kuna kuchagua njia, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vifaa vinapotengana. Mwaka 1956, mwanahisabati kijana wa Uholanzi Edsger Dijkstra aliketi na mchumba wake katika mkahawa mmoja mjini Amsterdam, akajiuliza njia fupi kutoka Rotterdam hadi Groningen hupatikana vipi. Kwa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi, akaibuni kanuni ambayo bado ni mzizi wa programu za njia. Kila njiapanda inakuwa nukta, kila kipande cha barabara kinakuwa mstari wenye gharama, ya dakika au ya kilomita. Kanuni hutoka pale ulipo, ikifungua daima nukta yenye gharama ndogo kuliko zote zilizobaki, mpaka ifike uendako. Kwa gari lenye kimo kikubwa, nyongeza ni rahisi kuieleza: kila mstari unaopita chini ya daraja fupi kuliko gari unafutwa kabla ya kuanza.

Rahisi kuieleza, ghali kuitenda. Ramani ya barabara za Ulaya Magharibi ina nukta zipatazo milioni 18. Kuzifungua moja moja kila mara mtu anapobonyeza kitufe kungechosha mashine. Mwaka 2008 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, walionyesha namna ya kuiandaa ramani mapema: kompyuta inatengeneza njia za mkato za kimahesabu, mstari mmoja ukisimama mahali pa mistari mingi, na jibu linapatikana kabla hujapepesa jicho. Lakini mkato huo umepikwa kwa gari moja mahususi. Uliotengenezwa kwa ajili ya gari dogo unaweza kuwa umepita chini ya daraja la mita 2.7 ndani yake, bila daraja hilo kuonekana tena katika hesabu. Kumruhusu kila dereva aandike kimo, upana na uzito wake kunahitaji mbinu nyingine, ambayo hutenganisha umbo la mtandao wa barabara na gharama zake. Huenda ndiyo maana kifaa cha magari makubwa wakati mwingine hufikiri kwa sekunde nyingi kabla ya kujibu. Mimi simlaumu anayekifikiria kuwa kizito, ila kasi ya jibu ni kigezo kibaya cha kuchagulia. Google Maps, ambayo wengi wetu tunaitumia, hujibu upesi na haimwulizi dereva kimo cha gari lake.

Garmin na TomTom huuza vifaa vilivyoandaliwa kwa magari-nyumba, na zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo hiyo. Unaandika vipimo, kifaa kinakwepa. Kinakwepa nini? Kile tu ambacho ramani imekiandika. Kampuni kubwa za ramani huzungusha magari yenye vipimaji vya leza. Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, hutegemea watu wanaosoma vibao na kuandika namba. Kote kuwili kuna mapengo, na programu inapokuta daraja lisilo na namba hulazimika kuamua. Ikisema kila daraja lisilojulikana limefungwa, hutatoka nyumbani. Kwa hiyo kwa kawaida huchukulia kwamba njia iko wazi. Huu ndio ukweli ambao laiti ungeandikwa kwenye boksi la kila kifaa: ukimya wa ramani husomwa kama ruhusa.

Hata namba ikiwepo, inaweza kuzeeka. Lami ikiongezwa tabaka, nafasi chini ya daraja hupungua. Tarehe 26 Machi 2024 meli Dali iligonga Daraja la Francis Scott Key huko Baltimore, Marekani, likaporomoka. Daraja hilo lilikuwa njia ya magari yasiyoruhusiwa kupita kwenye mahandaki ya chini ya bandari, yakiwemo yaliyobeba mitungi mikubwa ya gesi, na gari-nyumba hupikia gesi. Tangu siku hiyo magari ya namna hiyo yanapaswa kuzunguka upande wa magharibi wa jiji. Kifaa ambacho ramani yake haijasasishwa tangu wakati huo bado kina daraja lisilokuwepo, na kisichojua kama umebeba gesi kitakuelekeza handakini. Kwa hiyo muuzaji aulizwe mambo mawili: ramani husasishwa mara ngapi na kwa miaka mingapi bila malipo, na je, kifaa kina mahali pa kueleza kwamba gari limebeba gesi?

Barabara nyingine hazijakatazwa na sheria yoyote, ila hazifai. Bealach na Bà, huko Scotland, hupanda hadi mita 626 kwa njia nyembamba ya gari moja yenye kona za kujikunja. Kibao cha chini kinashauri magari makubwa sana na karavani zisipande. Ushauri si marufuku, hivyo programu inayosoma marufuku pekee inaweza kukupandisha. Pendelea kifaa kinachoonya kuhusu mwinuko mkali na kona kali, na kabla ya kuanza safari pitisha jicho kwenye njia nzima, si kwenye kona inayofuata tu.

Vipimo unavyoandika ni vyako mwenyewe, na hapa wengi hunakili kijitabu cha kiwandani. Kijitabu hakijui kwamba umeweka kiyoyozi, paneli za sola na dishi juu ya paa. Simamisha gari mahali tambarare, laza ubao ulionyooka juu ya kilele cha paa, upime hadi chini, kisha ongeza sentimita 10 au zaidi. Uzito nao upimwe kwenye mzani, tangi likiwa limejaa na watu wakiwa ndani. Lita 100 za maji ni kilo 100. Barani Ulaya mpaka wa kilo 3,500 ni mzito kisheria: leseni ya kawaida ya daraja B huishia hapo kwa kawaida, na nchini Austria gari linaloupita hulipia barabara kuu kwa kisanduku cha kielektroniki badala ya stika ya kioo. Angalia pia kwamba vibao vingine huhesabu uzito wa juu ulioandikwa kwenye cheti cha gari, hata kama siku hiyo hukubeba kitu.

Kwa Afrika Mashariki mambo ni tofauti. Wasafiri wanaokuja kwetu na magari yao ya kulala hutumia sana ramani za Tracks4Africa na za OpenStreetMap, zilizojengwa kwa mchango wa watu waliopita njia hizo, kwa sababu kinachowakwamisha huku mara nyingi ni tope la masika, si daraja fupi. Namba za kimo na uzito ni chache mno kwenye ramani zetu. Kwamba pengo hilo linaweza kujazwa, Dar es Salaam ilikwisha kuonyesha: kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu kwenda mitaani kuchora barabara na mifereji ya kata zinazofurika. Kwa njia hiyohiyo kimo na uzito unaoruhusiwa wa madaraja vingeweza kuandikwa pia. Kwa sasa, mwenye gari kubwa huku amtegemee zaidi mwenzake anayeshuka kuangalia, kama utingo wa lori anavyofanya tangu zamani.

Ukishapunguza uchaguzi hadi vifaa viwili au vitatu, uvijaribu kabla muda wa kurudisha haujaisha. Tafuta karibu na unapoishi daraja moja ambalo kimo chake umekisoma kibaoni kwa macho yako, tuseme mita 2.9. Andika gari la mita 2.5, omba njia inayopita hapo, kisha panda sentimita 10 kwa 10. Kifaa chenye data kitaikimbia njia hiyo mara kimo kitakapofika pale kinapopaswa, na utaona kinaacha nafasi kiasi gani ya usalama. Kisichojua kitaendelea kukupitisha hata ukiandika mita 3.5. Rudia kwa madaraja mengine, hasa ya barabara ndogo za vijijini, kwa sababu huko ndiko data hukatika kwanza na ndiko magari-nyumba hupenda kwenda.