Tembe za Kuinua Moyo: Jinsi Zinavyopimwa na Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Tembe, poda na matone ya kuinua moyo yanauzwa siku hizi kwenye maduka ya dawa, kwenye stendi za matatu, na zaidi kupitia simu. Muuzaji hakosi ushuhuda: fulani alitumia wiki mbili tu, sasa analala vizuri, hana hasira, hata biashara imechangamka. Huenda ushuhuda huo ni wa kweli. Lakini hauonyeshi kwamba ni tembe iliyoleta nafuu hiyo.

Hali ya moyo hupanda na kushuka yenyewe. Mtu hununua tembe siku mambo yamemlemea: karo inadaiwa, mvua imechelewa, kazi imesimama. Wiki mbili baadaye mara nyingi huwa ametulia kiasi, na angetulia hata bila tembe. Tena, aliyetoa pesa zake hutarajia nafuu, na matarajio hayo pekee yanaweza kumfanya ajisikie vyema.

Ndiyo maana watafiti hawaridhiki na kumpa mtu tembe na kumuuliza anaendeleaje. Huwagawa washiriki makundi mawili kwa bahati nasibu, kama kupiga kura ya chama. Kundi la kwanza hupewa kirutubisho. La pili hupewa tembe bandia yenye rangi na umbo lile lile lakini isiyo na kirutubisho ndani. Anayemeza hajui amepewa ipi, na anayempima pia hajui. Mwishoni, swali huwa: je, waliomeza kirutubisho walipata nafuu kuliko waliomeza tembe bandia? Wakilingana, basi kirutubisho hakikuongeza kitu.

Kupima watu wazima wenye afya kuna ugumu wake. Furaha haina kipimo cha damu, kwa hiyo hutumika dodoso. Mojawapo, PHQ-8, lina maswali 8 kuhusu wiki 2 zilizopita, kama vile usingizi, hamu ya chakula na kukata tamaa. Alama huanzia 0 hadi 24, na nyingi huonyesha hali mbaya zaidi. Mtu asiye na tatizo huanza karibu na 0, na chini ya hapo hakuna pa kushuka. Ili kuona kama tembe inamsaidia mtu wa aina hiyo, inabidi kufuatilia maelfu ya watu kwa miaka, pia kuona ni wangapi watakaopata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya kudumu.

Utafiti wa namna hiyo ulifanyika Marekani. Uliitwa VITAL-DEP, na ulihusisha watu 18,353 wenye umri wa miaka 50 na zaidi ambao hawakuwa na sonona walipoanza. Walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 5. Matokeo ya vitamini D, yuniti 2,000 kila siku, yalichapishwa 2020. Waliopatwa na sonona au dalili zake walikuwa 609 kati ya waliomeza vitamini, na 625 kati ya waliomeza tembe bandia, na makundi hayo yalikaribia kulingana kwa idadi. Alama za hali ya moyo nazo hazikutofautiana. Matokeo ya omega-3, yaani mafuta ya samaki, yalifuata 2021: 651 kwa waliomeza mafuta, 583 kwa waliomeza bandia. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini imeelekea upande ambao hakuna muuzaji angeutaja.

Hayo hayamaanishi vitamini ni bure. Mama mjamzito anayepewa tembe za madini ya chuma na foliki kliniki azimeze zote. Mtu aliyechoka kwa kupungukiwa na damu huchangamka akitibiwa. Lakini hapo kuna upungufu unaojazwa, na mhudumu wa afya ndiye anayeupima. Tembe ya mtu asiyepungukiwa ni suala tofauti.

Madhara nayo yapo. Vitamini D ikizidi mno hupandisha kalsiamu mwilini na kuumiza figo. Mmea uitwao St. John's wort, ambao huuzwa kama kituliza moyo, hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za ARV na za kupanga uzazi. Anayetumia dawa yoyote ya kila siku amwonyeshe mfamasia chupa yenyewe kabla ya kufungua.

Muuzaji akisema bidhaa yake imethibitishwa, muulize: ilijaribiwa kwa watu wangapi, kwa muda gani, na ililinganishwa na nini? Kama jibu ni shuhuda tu, pesa zako kaa nazo.

Ukialikwa kushiriki jaribio hapa Kenya, omba kuona idhini ya kamati ya maadili ya utafiti na kibali cha NACOSTI. Majaribio ya dawa huhitaji pia idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Utaelezwa hatari zake kwa lugha unayoielewa kabla ya kutia sahihi, na unaweza kujiondoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Anayekutaka ununue tembe ili ushiriki, mwepuke.

Huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kukizidi wiki 2, nenda kituo cha afya kilicho karibu au mwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako. Sonona ina matibabu, ya ushauri nasaha na ya dawa. Kwa mwenye mawazo ya kujidhuru, asingoje wiki hizo: nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo.