Zawadi kwa Dunia Nzima, Ila kwa Jirani

Nyumba nyingi zina picha ukutani: ya harusi, ya mtoto siku ya Komunyo ya Kwanza, au ya babu aliyekwisha kufariki. Mpenzi msomaji, je, umepata kujiuliza kazi ya kupiga picha ilikuwa mali ya nani hapo mwanzo?

Huko Ufaransa, mwaka 1829, Bwana Nicéphore Niépce na Bwana Louis Daguerre walifanya ushirika wa kutafuta njia ya kuinasa sura kwa nuru ya jua. Niépce alifariki mwaka 1833, Daguerre akaendelea. Alitwaa bamba la shaba lililopakwa fedha, akalifukiza kwa mvuke wa iodini, akalitia katika kamera, kisha akalifukiza kwa zebaki iliyopashwa moto. Sura ikatokea, safi kama ya kwenye kioo.

Mwaka 1839 Serikali ya Ufaransa iliinunua siri hiyo. Daguerre alipewa faranga 6,000 kila mwaka maisha yake yote, na Isidore, mwana wa Niépce, faranga 4,000. Tarehe 19 Agosti siri ilifunuliwa hadharani mjini Paris, iwe zawadi kwa dunia nzima.

Lakini siku tano kabla yake wakala mmoja wa London, Miles Berry, alikwisha kupata hati ya serikali kwa ajili ya Daguerre. Kwa hati hiyo, mtu wa Uingereza au Wales asingeweza kuitumia kazi hiyo pasipo kununua ruhusa, muda wa miaka 14. Scotland haikuguswa. Basi mtu wa Edinburgh alipiga picha bure, na mwenzake wa London alilipa.

Mfanyabiashara wa makaa ya mawe, Richard Beard, alifungua chumba cha picha mjini London mwezi wa Machi 1841, na mwaka huohuo akainunua haki yote. Akauza ruhusa mji kwa mji, na fedha zikamiminika. Tena akaanza kushtaki watu. Alimshtaki hata Antoine Claudet, ambaye alikuwa amenunua ruhusa yake kwa Daguerre mwenyewe, wala hakumshinda. Kesi zikafuata kesi. Haikupita miaka kumi, Beard akafilisika.

Hapana sheria iliyovunjwa hapo. Walakini, mtu akiwapa wanakijiji kisima, kisha akatia kufuli upande wa jirani mmoja tu, je, tutasema ametoa? Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mvumbuzi anastahili ujira wake, na Daguerre aliupata. Lakini neno likisemwa mbele ya watu kuwa ni la wote, na liwe la wote kweli. Tuwafundishe hivyo watoto wetu, hata katika kugawa shamba au ng'ombe.