Mchezo Uliojengwa Juu ya Neno "Laiti"

Burudani huzeeka upesi kuliko wenye kuburudika nayo. Wimbo uliotikisa mji mwaka juzi leo hauombwi tena redioni, na filamu iliyojaza majumba ya sinema hukumbukwa kwa jina tu. Michezo ya video huzeeka upesi zaidi, kwa kuwa mashine zinazoichezesha nazo hufa. Mchezo uliowastaajabisha watu kwa picha zake huonekana, baada ya miaka michache, kama mchoro wa mtoto ukutani. Kwa hiyo ni jambo la kutafakari kwamba mchezo mmoja wa Kijapani, uliotolewa tarehe 11 Machi 1995, ungali unachezwa na kusifiwa hadi leo, tena na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. Mchezo huo unaitwa Chrono Trigger.

Sifa zake si za mapenzi ya watu wachache. Mwaka 2019, enzi ya Heisei ilipokuwa ikifikia mwisho wake nchini Japani, jarida la Famitsu liliwauliza wasomaji wake ni mchezo upi uliokuwa bora kupita yote ya miaka ile 30. Waliuchagua huu, katika nchi iliyotoa michezo mikubwa isiyohesabika. Kuna nini ndani yake?

Kwa msomaji asiyeujua, Chrono Trigger ni mchezo wa aina ile ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, akasafiri naye, akazungumza na wanavijiji, akapigana na maadui na kuongezeka nguvu kadiri hadithi inavyoendelea. Mhusika huyo ni kijana aitwaye Crono, raia wa ufalme wa Guardia, katika mwaka 1000 wa kalenda ya ulimwengu ule. Siku ya sherehe za kutimia miaka 1000 ya ufalme, msichana aliyekutana naye anamezwa na mlango wa ajabu uliofunguka hewani. Crono anamfuata, na anajikuta katika mwaka 600. Kutoka hapo safari yake inakwenda mbele na nyuma, tangu miaka milioni 65 kabla ya tarehe, enzi ya mijusi wakubwa, hadi mwaka 2300, ambapo dunia ni majivu. Chanzo cha majivu hayo ni kiumbe aitwaye Lavos, aliyelala tumboni mwa ardhi tangu zamani za kale, na ambaye mwaka 1999 aliibuka na kuiteketeza dunia.

Mchezo huo ulitungwa na watu waliokuwa tayari na majina. Hironobu Sakaguchi ndiye aliyeanzisha Final Fantasy, Yuji Horii ndiye baba wa Dragon Quest, na Akira Toriyama, aliyefariki tarehe 1 Machi 2024, ndiye mchoraji wa Dragon Ball. Ilikuwa kama mafahali watatu wamekubali kunywa kisima kimoja. Kampuni ya Square ndiyo iliyoutoa, na kazi yote ilienea katika kaseti ya megabaiti 4, kiasi ambacho leo hakitoshi hata kuhifadhi picha moja kubwa ya simu.

Wako wanaosema kwamba siri yote imo katika majina hayo. Lakini majina makubwa huuza kazi mwaka wa kwanza; hayaiwekei uhai wa miaka 30. Wengine husema kwamba watu wazima wanaupenda kwa sababu unawakumbusha utotoni. Hilo lina ukweli wake, ila haliwaelezi vijana wa leo wasio na utoto wa kukumbuka katika mchezo huo. Wala halilielezi bara la Ulaya, ambako haukuuzwa rasmi hadi mwaka 2009, toleo la Nintendo DS lilipofika huko. Hapana budi sababu itafutwe ndani ya mchezo wenyewe.

Rai yetu ni kwamba Chrono Trigger umejengwa juu ya neno moja ambalo kila lugha inalo, nasi katika Kiswahili tunaliita "laiti". Wahenga walituachia usemi kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Walituambia pia kwamba wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Mchezo huu unamchukua mwanadamu aliyesimama mbele ya ukuta huo, unamfungulia mlango mdogo, kisha unamwuliza: haya, umepewa ulichokuwa ukikililia, utakifanyia nini?

Jibu huanza kutafutwa mapema, kabla mchezaji hajajua kwamba anaulizwa. Katika sherehe zile za mwanzo, Crono anapigana kikumbo na msichana yule na kidani chake kinaanguka. Mchezaji anaweza kumwendea kwanza msichana kumwona kama ameumia, au anaweza kukimbilia kidani. Juu ya meza kuna chakula cha mzee mmoja. Anaweza kukila, na nguvu zitamwongezeka. Kuna mtoto aliyepotelewa na paka. Anaweza kumsaidia, au kupita zake. Mchezo hausemi lolote. Katika michezo mingine ya aina hii mambo kama hayo ni mapambo tu, na kila kilichowekwa mezani huhesabiwa kuwa mali ya shujaa.

Muda si mrefu Crono anashitakiwa kwa kumteka nyara msichana yule, ambaye kumbe ni binti wa mfalme. Anafikishwa mahakamani, na hapo mashahidi wanaingia. Mzee wa chakula anaitwa. Mtoto wa paka anaitwa. Linaulizwa suala la kidani: ulikimbilia mtu, au ulikimbilia mali? Wazee wa baraza saba wanatoa kauli zao mmoja mmoja, na mchezaji anatambua, huku moyo ukimwenda mbio, kwamba alikuwa akitazamwa tangu mwanzo. Watungaji wakaongeza jambo moja la uchungu: hata akionekana hana hatia, Crono hutiwa kifungoni vilevile, kwa hila ya waziri wa mfalme. Matendo yana hesabu, lakini dunia haina haki daima. Hayo ni mafunzo mawili katika kikao kimoja, na hakuna aliyesimama kuhubiri.

Sehemu ya pili inayostahili kutajwa ni ile ya Lucca, rafiki wa Crono, fundi wa mashine. Alipokuwa mtoto, mama yake alinaswa na mashine ya baba yake, na Lucca hakujua namna ya kuizima. Mama akapoteza miguu yake. Katikati ya safari, usiku mmoja wenzake wakiwa wamelala msituni, Lucca anaona mlango wa wakati na kuuingia peke yake. Unamrudisha siku ileile, chumba kilekile. Mashine inazimwa kwa neno la siri, na neno hilo ni jina la mama mwenyewe, Lara. Mchezaji hana budi kulibonyeza herufi kwa herufi kwa vitufe vya L, A, R na A vilivyomo katika kifaa alichokishika mkononi, huku mashine ikizidi kumvuta mama. Akiwahi, mama atatembea. Akichelewa, mama atabaki kama alivyokuwa, na mlango hautafunguka tena.

Hapa msomaji aangalie vizuri. Wakosoaji wa hadithi za kusafiri katika wakati husema, tena kwa haki, kwamba zinaweza kumfundisha kijana uzembe: kosea utakavyo, utarudi kurekebisha. Chrono Trigger haufundishi hivyo. Rehema yake ina kikomo na ina gharama. Lucca anapewa nafasi moja, ya dakika chache. Na usiku ule wa msituni wenyewe ulilipiwa kwa thamani kubwa kuliko zote. Mwenzao Robo, mtu wa chuma kutoka mwaka 2300, alikubali kubaki katika mwaka 600 ili kumsaidia mwanamke aitwaye Fiona kuotesha msitu katika ardhi iliyogeuka jangwa. Wenzake wanaruka hadi mwaka 1000 kwa chombo chao, na kwa mchezaji hiyo ni kazi ya dakika moja. Kwa Robo ilikuwa miaka 400 ya kulima na kupanda. Wanamkuta amechakaa, amewekwa katika hekalu kama kumbukumbu, na nje msitu umesimama. Wanamtengeneza, wanawasha moto, wanaketi pamoja chini ya miti aliyoipanda yeye. Tumesoma riwaya nyingi zilizotaka kueleza maana ya kufanya kazi ambayo matunda yake yataliwa na wengine. Chache zimeieleza kwa ufupi kama huo.

Wazo hilo ndilo uti wa mgongo wa hadithi nzima. Crono na wenzake wa mwaka 1000 wanapofika mwaka 2300, wanawakuta watu wakiishi ndani ya mabanda ya chuma, wamekonda. Iko mashine inayowarudishia nguvu za mwili, lakini njaa haiwaondoki. Ni hapo wanapoona kumbukumbu ya siku ya maangamizi. Wangeweza kurudi kwao na kuishi kwa raha hadi uzee, kwa kuwa maafa yalikuwa mbali nao kwa miaka 999. Hakuna hata mmoja wa ndugu zao, wala wajukuu wao, ambaye angeyaona. Wanaamua kupigana hata hivyo, kwa ajili ya watu wasiowajua na ambao hawatawashukuru. Katika zama hizi, ambapo mataifa yanabishana ni nani alipe gharama ya kuilinda dunia ya watakaozaliwa, uamuzi huo wa vijana wachache wa katuni haujapoteza hata chembe ya uzito wake.

Lakini maadili mema peke yake hayafanyi kazi ya sanaa ipendwe. Mahubiri mengi ni ya kweli na yanasinzisha. Chrono Trigger unamheshimu mchezaji katika ufundi wake pia. Michezo mingi ya aina yake wakati ule ilimkatiza msafiri kila baada ya hatua chache kwa pigano la ghafla lisilo na sababu. Katika huu, maadui wengi huonekana wazi, na pigano hufanyika palepale waliposimama. Wenzi wawili au watatu huweza kuunganisha ujuzi wao wakapiga pigo moja, hata urafiki ukawa silaha. Hadithi yote humalizika kwa saa 20 hivi au zaidi kidogo, bila kurefushwa kwa hila. Na akiisha kumaliza, mchezaji huweza kuanza upya na nguvu zake zote, akatafuta miisho mingine, ambayo ni zaidi ya 10, kila mmoja ukitegemea wakati aliochagua kumkabili Lavos.

Muziki nao una sehemu yake. Yasunori Mitsuda alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akitengeneza milio tu katika kampuni ile, hadi alipomwambia Sakaguchi kwamba asipopewa nafasi ya kutunga ataacha kazi. Alipewa mchezo huu. Alifanya kazi hata akaugua vidonda vya tumbo, na Nobuo Uematsu akaingia kumsaidia kuzikamilisha tungo zilizobaki. Tarehe 23 Julai 2021, wanamichezo wa dunia walipoingia uwanjani Tokyo kuifungua Olimpiki, timu za Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, tungo za Chrono Trigger zilikuwa miongoni mwa muziki wa michezo ya video uliopigwa kuwakaribisha.

Hatusemi kwamba kazi hii haina upungufu. Crono mwenyewe karibu hasemi neno, na baadhi ya wenzake wamechorwa kwa mistari michache mno. Mapigano yake mengi ni mepesi kwa mchezaji mzoefu. Hauna tafsiri rasmi ya Kiswahili, na asiyejua Kiingereza vizuri atapoteza mengi. Hata hivyo, mwaka 2018 toleo la kompyuta lilipoletwa na picha zilizopakwa upya, wapenzi wake walilalamika kwa nguvu, hata kampuni ikalazimika kutoa marekebisho na kurudisha sura ya awali. Kilichopendwa hakikuwa kitu kilichohitaji kung'arishwa.

Wazee wengi kwetu wanapomkuta kijana mbele ya mchezo wa video huuliza saa ngapi amepoteza. Swali ni la haki, kwani iko michezo iliyoundwa makusudi kula muda wa watoto na fedha za wazazi wao. Lakini swali hilo pekee halitoshi. Na tuulize pia: mchezo huo unamtazamaje anayeucheza? Unamwona kama mfuko wa kukamuliwa, au kama mtu ambaye matendo yake yana maana? Vijana wetu walioanza kutunga michezo yao wenyewe wangefanya vyema kuanza na swali hilo kabla ya kufikiria rangi na milio. Mashine za mwaka 1995 zimekwisha kuwa vyuma chakavu. Mzee wa chakula angali ameketi pale sherehenimwe, na kila mchezaji mpya anayepita mezani pake huamua upya kama atakila au atakiacha.