Nguzo na Viungo Vyake (3): Kwenda na Kurudi

Wiki iliyopita tuliiacha nguzo ya zege imeshamiminwa kiwandani, imekauka, imepakiwa lori. Leo imefika kwenye jengo, na kazi ndiyo kwanza inaanza: itasimamishwaje juu ya mwenzake?

Mzanzibari asilione jambo hili geni. Nguzo za Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ni za chuma cha kusubu. Zilivuka bahari zikiwa tayari, zikaunganishwa hapa Forodhani. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti: ukuta mnene usio na kiungo kimoja cha kulaumiwa. Nguzo ya vipande inacho.

Kiungo kinachotumika sana ni hiki. Nondo huchomoza juu ya nguzo ya chini. Nguzo ya juu ina mabomba ya chuma ndani ya kitako chake. Nondo zikishaingia humo, humiminwa rojo la saruji lisilonywea. Kwa mzigo wa kushuka tu, hata fundi mvivu atasifiwa. Balaa ni msukumo wa ubavuni, kwenda na kurudi, kama wa tetemeko lililotikisa pwani yetu 12 Agosti 2020.

Maabarani nguzo hubanwa chini, jeki ikakisukuma kichwa chake huku na huku, kila mara kwa umbali zaidi. Ufa hufunguka, hufunga, hufunguka tena. Rojo lililoishika nondo husagika likawa unga, na nondo huteleza kwanza ndipo ivute. Ukichora nguvu na mwendo unapata vitanzi. Vya kiungo kizuri vimenona, maana kimeula mtikiso. Vya kibovu vimekonda katikati. Mimi hutazama unene huo kabla ya kuuliza kimebeba tani ngapi.

Leninakan, Armenia, katika tetemeko la 7 Desemba 1988, maghorofa ya fremu za vipande yaliporomoka kwa wingi, na udhaifu wa viungo ulikuwa miongoni mwa sababu.

Kuna jambo moja huwaponyoka wachoraji. Bomba ni gumu kuliko nondo iliyomo, basi madhara huhamia pale bomba linapoishia. Ringi zinazozifunga nondo zikazwe hapo pia, si kwenye maungio peke yake.

Wiki ijayo: chumvi ya bahari ndani ya rojo.