Nywele Ndefu, Mafuta ya Nazi na Mafuta ya Karafuu

Katika miezi hii ya karibuni zimetufikia barua kadha wa kadha kutoka kwa wanachama ambao vijana wao wamevuka bahari kwenda kufanya kazi Kibaha na Kisarawe, na barua hizo, ijapokuwa zimeandikwa na watu mbalimbali, zasema jambo moja. Vijana wamefuga nywele. Si nywele za kupunguzwa kila mwezi kama tulivyozoea, bali za kushuka masikioni na mabegani. Na kwa kuwa watoto wengi wa kisiwa hiki nywele zao si za kipilipili kabisa wala si za singa kabisa, bali za mawimbi, zikirefuka hukauka, hukatika ncha, na husimama ovyo kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Mwanachama mmoja wa upande wa Wete atuuliza kama chama chaweza kumpelekea kijana wake chupa ya mafuta ya karafuu, maana huko Maili Moja ameambiwa kwamba mafuta hayo hurefusha nywele. Mwingine atuarifu kwamba mwanawe alikwisha kuyapaka, matupu bila kuchanganywa na kitu, akalala nayo, na asubuhi ngozi ya kichwa ilikuwa imevimba na kutoka malengelenge.

Khabari hii ya pili ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Karafuu ndiyo mali yetu, na mtu akiungua kwa karafuu, jina linaloharibika ni la karafuu.

Wako wazee watakaosema kwamba dawa ya nywele ndefu ni wembe, na maneno yaishe. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao kabisa. Sisi tuliokaa chuoni twajua kwamba Mtume mwenyewe nywele zake zilifika masikioni na pengine mabegani. Lililokatazwa ni kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu. Tena imepokewa katika hadithi alizokusanya Abu Dawud kwamba mwenye nywele azitunze kwa heshima, lakini asishinde akizichana kila siku. Watu wa elimu ya nywele wa siku hizi nao wanakataza kuchana sana, kwa sababu tutakazozieleza chini. Jambo la kuangalia ni kuoga janaba: maji hayana budi yafike kwenye mashina, kwa hiyo aliyesuka nywele kwa kubana hata maji yasipenye, imempasa azifumue.

Wala kugombana kwa ajili ya nywele si jambo jipya katika nchi hii. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana huko Bara, ikapiga vita mawigi, sketi fupi na suruali za kubana. Nguo hizo zilirudi baadaye, na waliozivaa wakati ule leo ni babu na bibi.

Na yule anayedhani kufuga nywele ni uanamke, atazame morani wa Kimasai. Katika Mkoa wa Pwani wako Wamasai wengi, na wengine wamefika na mifugo yao hata Kibaha na Kisarawe. Kwa desturi yao morani huacha nywele zirefuke, huzisokota nyuzi nyembamba, akazipaka mafuta na udongo mwekundu. Na siku ya sherehe ya Eunoto, anapotoka katika umorani, mamaye humnyoa. Hivi leo vijana wa Kimasai wamekuwa wasusi mashuhuri katika miji ya pwani, na wanawake wa mjini huketi mbele yao kusukwa. Mafuta na udongo ule si pambo tu. Huufunika unywele usikaushwe na jua na upepo. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe, na vijana wetu wakiifahamu hawatahitaji dawa za chupa.

Sasa tueleze unywele ni kitu gani. Sehemu iliyo hai ni shina lililo ndani ya ngozi. Huo unaoonekana nje umekwisha kufa, kama ukucha, kwa hiyo hakuna chakula utakachoupa ukaota upya, ukikatika umekatika. Nje yake umefunikwa na magamba membamba yaliyopangwa kama makuti juu ya paa, moja limelalia jingine, kutoka shinani kwenda nchani. Makuti yakilala vizuri nyumba haivuji. Yakiinuka, maji hutoka na kuingia apendavyo Mungu, na paa huoza. Vivyo hivyo unywele: magamba yakiinuka hupoteza unyevu, hukwaruzana na wenziwe, hupasuka ncha.

Karibu na kila shina pana kitundu kitoacho mafuta ya mwili. Unywele ulionyooka huyateremsha mafuta hayo mpaka nchani bila taabu. Unywele wa mawimbi una mapindo, na kwenye kila pindo mafuta hukwama. Ndiyo maana utamkuta kijana ana ngozi ya kichwa yenye mafuta na ncha za nywele kavu kama kumbi. Nywele huota kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, na za kipilipili pungufu kidogo. Kwa hesabu hiyo ncha ya unywele uliofika begani ina umri wa miaka miwili au zaidi: umepigwa jua miaka miwili, umeoshwa mamia ya mara. Ajabu ni kwamba upo.

Huko Kibaha na Kisarawe liko jambo la maji. Visima vingi vya ukanda ule maji yake yana chumvi na chokaa, na kila mtu aliyepata kufulia maji hayo ajua kwamba sabuni haitoi povu, bali hutoa utando mweupe. Utando huo hushika nguo, na hushika nywele pia, zikawa ngumu na zisizong'aa. Mji wa Kisarawe ulipata nafuu mwaka 2020 lilipofikishwa bomba kutoka Kibamba, na Kibaha iko jirani na Mlandizi ambako maji ya mto Ruvu husafishwa; lakini si kila nyumba ina bomba, na si kila siku bomba latoa. Tunawashauri vijana wakinge maji ya mvua. Maji ya mvua hayana chokaa, na ndoo moja ya masika yatosha kuosha kichwa mara mbili.

Aoshe mara ngapi? Nywele kavu za mawimbi zatosha kwa sabuni mara moja kwa juma. Anayefanya kazi ya jasho, kama wale wanaobeba matofali au kuendesha bodaboda, asuuze kwa maji matupu katikati ya juma. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, tunaikataza: ina ukali unaoyainua magamba tuliyoyataja. Shampoo ya kawaida ni bora, na itiwe kwenye ngozi ya kichwa, si kwenye ncha. Wako wanaosuuza kwa ndimu. Ndimu kidogo katika maji mengi haidhuru unywele, lakini majimaji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi huungua na kuacha alama nyeusi kwa muda mrefu, kwa hiyo twaona afadhali iachwe kwenye samaki.

Baada ya kuosha, nywele zikiwa bado mbichi, ndipo mafuta yapakwe. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mafuta hayatii maji katika unywele. Mafuta huyazuia maji yaliyomo yasitoke. Ukipaka mafuta juu ya unywele mkavu umefunga mlango na mgeni yuko nje. Na katika mafuta yote, mafuta ya nazi yana sifa yake. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa India, Rele na Mohile, walichapisha majaribio yao ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yatokanayo na petroli, wakaona kwamba ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza sana upotevu wa protini ya unywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Sababu yake ni kwamba chembe zake ni ndogo na zimenyooka, hivyo hupenya ndani, ilhali nyingine hubaki juu. Bibi zetu waliyajua haya bila majaribio.

Basi kijana aliye Kisarawe, katika nchi ya minazi, hana haja ya kununua kopo la mafuta yenye manukato. Akune nazi mbili zilizokomaa, akamue tui zito, alilaze usiku kucha, asubuhi aengue malai ya juu, ayachemshe kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge na mashapo yawe ya rangi ya kahawia. Ayachuje kwa kitambaa safi na kuyatia katika chupa kavu. Tui lenyewe bichi pia hupakwa, lakini huchacha upesi na lisiposuuzwa vizuri huvuta sisimizi. Kiasi cha mafuta kiwe kidogo: yatosha kufanya viganja ving'ae, yaanziwe nchani, yapande juu. Mafuta ya nyonyo ni mazito mno, na kwa nywele za mawimbi huzilaza zikaonekana kama zimenyeshewa; wachache watayapenda.

Kuchana ni kwa chanuo lenye meno mapana, nywele zikiwa na unyevu na mafuta, kuanzia nchani kwenda juu kidogo kidogo. Anayeanzia shinani hukusanya mafundo yote mahali pamoja kisha akayakata kwa nguvu. Usiku afunge kichwa kwa kitambaa laini cha satini, maana foronya ya pamba hukwaruza na kunywa mafuta.

Na sasa karafuu yetu. Mafuta yanayokamuliwa kwa mvuke kutokana na makonyo, kama yale ya kiwanda cha Wawi, si mafuta ya kujipaka kama ya nazi. Ni kitu kikali. Sehemu saba au zaidi katika kumi ni yujenoli, ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu ya jino. Kitu chenye nguvu ya kuutia ganzi mshipa wa jino, kikiachwa kitupu juu ya ngozi usiku kucha, huichoma. Kijana wa mwenzetu hakuwa na mzio wala hasadi ya mtu; yaliyompata yangempata yeyote. Tena hakuna ushahidi ulio imara kwamba karafuu huotesha nywele, na sisi wenye karafuu tusiwe wa kwanza kuusemea uongo. Anayependa harufu yake atie tone tatu, si zaidi, katika vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi, ajaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio na kungoja siku moja. Akiona mwasho, aache kabisa. Chupa iwekwe mbali na watoto: mtoto mdogo akinywa kiasi cha kijiko huweza kupoteza fahamu na kuharibika ini. Kwa hiyo chama hakitapeleka chupa Maili Moja, na tunamwomba mwanachama wetu asiipeleke kwa mkono wake.

Tutaje upesi mambo mengine ya hatari, kwani barua zimeyagusa. Dawa za kunyoosha nywele, nyingi zina kostiki, ileile ya kutengenezea sabuni, na zikikawia kichwani huacha kovu ambalo nywele haziotei tena. Piko nyeusi aghalabu ina kemikali iitwayo PPD, ambayo huwavimbisha watu wengine uso mzima. Kusuka kwa kubana mno huvuta mashina ya pajini na kwenye paji la uso. Mwanzoni nywele hurudi msuko ukilegezwa, lakini anayeendelea miaka hubaki na upara. Na kofia za bodaboda zinazovaliwa na abiria ishirini kwa siku, kama mashine za kinyozi zisizosafishwa, zaweza kueneza mapunye. Abiria mwenye nywele ndefu atangulize kitambaa chake. Mapunye yakishaingia kichwani hayaponi kwa kupaka tu, kwa kuwa ugonjwa umo ndani ya shina. Yataka vidonge vya hospitali, na ngozi iliyochomwa kwa mafuta huyapokea kwa urahisi zaidi.

Mwenye kijana anayesoma shule za bweni, Kibaha au kwingineko, haya hayamhusu kwa sasa: kanuni ya shule ni kunyoa, na anyoe.

Limebaki swali la mwanachama mmoja, kwamba kijana wake atarudi msimu wa kuchuma, je, apande mkarafuu na nywele zile? Apande, lakini asizisuke mikia ya kuning'inia, maana vijiti vya mkarafuu huzinasa na mtu aliye juu hana mkono wa ziada wa kujinasua. Azipake mafuta ya nazi asubuhi, azikusanye kisogoni, afunge kilemba cha kanga kuukuu kilichobana; na akishuka kwenye kuanika, akikung'ute kile kilemba mbali na majamvi, unywele usije ukaingia katika karafuu.